Siku Mama Pasi Alipotoka Nje ya Kikao

Jina la Mama Pasi alipewa na wateja wake, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake, mpaka siku alipolisikia, akalipima, akaanza kulitumia mwenyewe anapopokea simu. Ni dobi. Duka lake liko kwenye kona, kioo chake hakijawahi kukutwa na alama ya kidole, na mteja anayekuja kuchukua suruali yake hukaguliwa kwanza ile aliyoivaa. Kola ikiwa imejikunja, Mama Pasi huinyoosha kwa mkono wake, mwenye kola awe karani au daktari bingwa. Alifiwa na mumewe binti yao akiwa bado anatambaa, akamlea na kumsomesha kwa mvuke wa pasi, na hajawahi kurudisha shati lenye kifungo kilicholegea. Naandika habari zake kwa sababu watu wanyoofu ni wachache, na kwa sababu unyoofu nao una vituko vyake.

Aliingia katika Kamati ya Sanaa na Utamaduni ya Jiji kwa kelele. Ukuta wa zahanati ulikuwa umechorwa mama aliyebeba mtoto, na mchoraji, kwa haraka zake, akampa mama yule mikono miwili ya kulia. Kamati ilikuja, ikapiga picha mbele ya ukuta, ikapongezana na kuondoka. Mama Pasi alisimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza wajumbe wale, wakivaa mashati, huwa wanaanza na mkono upi. Watu walicheka hadi mkutano ukaahirishwa. Halmashauri ikaona njia nyepesi ya kumnyamazisha ni kumpa kiti ndani ya kamati yenyewe. Hawakumjua.

Kamati hiyo ndiyo inayoamua sanamu ipi isimamishwe wapi, kuta zipi zipakwe rangi, na vikundi gani vya muziki vipewe jukwaa la bustani siku za mapumziko. Kabla ya Mama Pasi iliamua kwa kuulizana mjomba wa nani anajua kuchora. Chemchemi iliyo mbele ya soko ilijengwa na shemeji wa mwenyekiti aliyetangulia, na mpaka leo hutoa maji siku anapokuja mgeni mkubwa tu, tena kwa msaada wa mtu aliyejificha nyuma yake na ndoo.

Katika kikao chake cha kwanza Mama Pasi alileta kanuni, na ikapita kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza kuipinga. Wasanii wangeleta mifano midogo ya udongo isiyo na majina. Katibu peke yake ndiye angejua kazi ipi ni ya nani, naye amekatazwa kufumbua mdomo mpaka alama zote ziwe zimetolewa. Kila mfano ungejadiliwa peke yake na kupewa alama, na mjumbe anayetambua kuwa mbele yake kuna kazi ya ndugu yake hana budi kutoka nje mpaka mjadala wa kazi hiyo uishe. Mifano ingefunikwa foronya nyeupe hadi zamu yake ifike. Foronya hizo alizileta yeye, zimepigwa pasi na kutiwa wanga hadi zinasimama zenyewe.

Sasa, mkwe wake ni mchongaji. Ni kijana mpole, fundi wa kweli, lakini kwa miaka mingi kazi zake zilikuwa zikisifiwa sana na kuachwa palepale uani kwake. Nyumba ilikuwa ikiendeshwa na mkewe, yaani binti wa Mama Pasi, na Mama Pasi hakulifurahia jambo hilo wala hakulificha. Ilipotangazwa kwamba kamati inatafuta sanamu ya kuwekwa mbele ya maktaba ya jiji, alikwenda kwao, akasubiri watu wamalize kula, ndipo akasema yake. Mkwe ashindane kama wengine. Akishinda, hatasikia tena neno lolote kuhusu kazi yake. Akishindwa, aweke patasi chini, aende kusimamia duka la saruji la baba yake mdogo, ambaye alikuwa ameshamtunzia nafasi. Kuhusu yeye kuwa ndani ya kamati, asitegemee kitu. "Nikiiona kazi yako mle ndani, natoka nje," alimwambia. "Sitakusaidia hata kwa kukohoa."

Mkwe alikubali. Binti aliinamia sahani yake akaanza kuikwangua, ingawa haikuwa na kitu.

Wiki zilizofuata Mama Pasi alipita pale kwao, akamkuta mkwe uani anafinyanga ndege aliyetua juu ya kitabu kilichofunguliwa. Alimzunguka ndege yule kama anayetafuta doa kwenye shuka. Mwisho akasema, "Baba, huyu ndege ana uso wa kuku aliyeletewa taarifa ya msiba." Mkwe alicheka kwa adabu. Mama mkwe alipogeuka, akamvunja ndege, akarudisha udongo kwenye beseni, na kuanzia siku hiyo akafanya kazi mlango ukiwa umefungwa. Mama Pasi hakujua kuwa ndege amevunjwa. Hakujua pia kwamba mchongaji yeyote, akisikia neno maktaba, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni ndege.

Siku ya kikao ikafika. Chumba cha kamati kiko ghorofani, kina meza ndefu na feni inayolia kila inapomaliza mzunguko. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu, alikaa kichwani mwa meza. Kulia kwake alikaa mwalimu wa muziki, mwanamama anayecheka kwa urahisi na kujutia baadaye. Kushoto alikaa mhandisi wa barabara, mjumbe mgeni aliyekuwa akihudhuria kwa mara ya kwanza na ambaye hakuwa ameinua macho kutoka kwenye karatasi zake tangu aingie. Mama Pasi alikaa mkabala na mlango. Katibu alisimama pembeni ya mifano, mikono nyuma, mdomo umefungwa kama kanuni ilivyotaka.

Mifano ya mwanzo ilipita bila kumgusa mtu. Ikabaki miwili. Katibu aliinua foronya ya kwanza, na mezani pakatokea ndege aliyetua juu ya kitabu.

Mama Pasi alisimama papo hapo. "Mwenyekiti," alisema, "kanuni ni kanuni. Hii ni kazi ya nyumbani kwangu. Natoka."

Katibu, aliyejua vizuri kuwa ndege yule ni wa mtu mwingine kabisa, aliachama, akakumbuka katazo lake, akafunga mdomo, kisha akashikwa na kikohozi. Alikohoa hadi mhudumu wa ofisi akamletea maji. Mama Pasi, akiwa mlangoni, alidhani katibu anakohoa kwa aibu ya ule uso wa kuku, na moyo ukamuuma kwa ajili ya binti yake. Lakini alitoka. Aliporudishwa ndani, ndege alikuwa ameshapewa alama nzuri tu. Wajumbe, isipokuwa mhandisi na karatasi zake, walijitahidi kumtazama kwa huruma.

Foronya ya mwisho ikainuliwa. Alikuwa mwanamke aliyekaa kwenye kiti kisicho na mikono. Mikono yake ameikunja kifuani, kidevu amekiinua kidogo, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesubiri mchelewaji huku akijua tayari ni kisingizio gani kitakacholetwa. Mwenyekiti aliitazama sanamu, akamtazama Mama Pasi, akaitazama meza. Mwalimu wa muziki alitoa leso akaiuma. Chumba kizima kilimtambua mwanamke yule isipokuwa watu wawili: mhandisi, ambaye bado alikuwa anasoma karatasi, na Mama Pasi mwenyewe.

Mhandisi ndiye aliyeanza, baada ya kuitupia sanamu jicho. Alisema kazi ni safi, ila mkao umetiwa chumvi. Katika jiji lote hili hakuna binadamu anayekaa hivyo. Akaipa alama ya chini.

Mama Pasi hakuvumilia. Alisema yupo mtu wa namna hiyo katika kila familia inayojiheshimu. Akasimama, akaizunguka sanamu. Alisema mama huyu anaonekana ameamka mapema na hana deni la maneno na mtu. Alisifu kidevu. Alisifu hata jinsi kitambaa kilivyolala magotini, kwamba aliyefinyanga ameliona gauni lililopigwa pasi vizuri na si la kuwaziwa tu. "Wanafunzi wakimkuta huyu mlangoni," alisema, "watarudisha vitabu kwa wakati."

Mwenyekiti aliona hajawahi kusikia mtu akijisifu kwa utulivu kiasi kile, lakini hakupata kifungu cha kanuni kinachokataza. Mama Pasi akatoa alama ya juu kabisa. Nataka msomaji aelewe vizuri alichokuwa anakifanya. Akilini mwake, ndege alikuwa wa mkwe wake, na kila neno zuri alilomtolea mwanamke yule lilikuwa linamsukuma mkwe huyo kwenye duka la saruji. Alilijua hilo, mkono wake ukaandika vilevile. Watu wengi tunaowaita waadilifu hawajawahi kufikishwa mahali kama pale.

Alama za kila kazi zikajumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya waliozitoa. Mwanamke alimshinda ndege kwa tofauti ndogo sana. Ndipo katibu, akiwa amevimba kama puto, akaruhusiwa kusema, na jina alilolisema lilikuwa la mkwe wa Mama Pasi.

Mwalimu wa muziki alipiga makofi. Mama Pasi alimtazama katibu mpaka katibu akaanza kujitetea kabla ya kushtakiwa. Kisha akamgeukia mwenyekiti. Alisema, "Nimetoka pasipopaswa na nimekaa pasipopaswa. Alama zangu zifutwe, maneno yangu yafutwe, kazi hii ijadiliwe upya bila mimi."

Mwenyekiti alimwomba afikirie. Kosa halikuwa la makusudi, na bila alama zake ndege atapita, na kila mtu mle ndani alikuwa amesikia habari za duka la saruji. Mwalimu wa muziki naye akasema maneno yameshaingia masikioni, sasa yatafutwa na nini?

"Na apite ndege," alisema Mama Pasi. "Mwanangu nitamweleza mwenyewe."

Akatoka mara ya pili.

Nje ya chumba kuna kiti kimoja cha mbao cha kusubiria, kisicho na mikono. Alikaa. Alianza kutafuta maneno ya kumwambia binti yake na hakuyapata, na kwa kuwa hakuyapata, alikunja mikono kifuani, akainua kidevu, akainamisha kichwa upande. Hivyo ndivyo anavyofanya jambo likimzidi, wala hajui kama anafanya.

Mhudumu wa ofisi alikuwa anapeleka chai ndani. Alifungua mlango kwa kiwiko, akageuka kumkaribisha Mama Pasi kikombe, akabaki palepale na sinia lake, mlango wazi nyuma yake. "Mama yangu," alisema, "hebu usitikisike. Kaa hivyohivyo."

"Kwa nini?"

"Wewe kaa."

Ndani, mhandisi alikuwa anaeleza kwa mara ya pili kwamba mkao ule haupo duniani. Akageuka kuitafuta chai iliyokwama mlangoni, macho yake yakapita juu ya sinia, yakatoka mlangoni, yakafika kwenye kiti cha mbao. Aliitazama sanamu. Akatazama nje tena. Sentensi yake haikumalizika, na wale wanaomfahamu wanasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Kisha kilisikika kicheko cha mwalimu wa muziki, na safari hii leso haikumsaidia.

Mhandisi akaomba karatasi nyingine, akabadilisha alama yake. Alisema alikuwa ameikosoa kazi kwa kutolingana na maisha, na sasa maisha yamekuja yenyewe kutoa ushahidi. Mwanamke akamshinda ndege kwa mbali kuliko mara ya kwanza, bila alama hata moja ya Mama Pasi.

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetoka kumpa habari, na kwa kuwa ni mtu asiyejua kuzunguka, alimwambia yote. Mama Pasi alishusha mikono haraka kama aliyekutwa na kitu cha wizi. "Mimi nina kidevu kile?" aliuliza. Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Mhudumu akasema, "Unacho, Mama. Tangu tukufahamu."

Jioni alikwenda kwa binti yake. Habari zilikuwa zimeshamtangulia, na binti alimkumbatia mlangoni, akicheka na kulia kwa pamoja. Mkwe alisimama nyuma, kichwa chini, hajui kama anapongezwa au anashtakiwa.

Mama Pasi alimpongeza kwanza, kwa sababu ahadi ni ahadi. Alisema neno la saruji halitatamkwa tena katika nyumba hii. Kisha akauliza ni lini alikaa mbele yake ili afinyangwe.

"Siku niliyokuja kuposa, Mama," mkwe alisema. "Ulikaa hivyo tangu tulipoingia mpaka wazee walipoaga. Sijaisahau."

Binti alikimbilia jikoni. Mama Pasi alilipima jibu hilo, akaona halina kosa. Akasema sawa, mkao abaki nao, ila kidevu akishushe kidogo kabla sanamu kubwa haijachongwa. Ni jambo dogo, nani atajua.

Mkwe alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. "Mama," alisema kwa upole, "kamati imeshapitisha. Nikibadilisha kitu nitakuwa nimevunja kanuni."

Mama Pasi akamnyoosha mkwe wake kola, akaketi, akaomba chai.

Sanamu sasa iko mbele ya maktaba, na kidevu kiko juu kama kilivyopitishwa. Mama Pasi hupita pale kila anapopeleka mapazia ya maktaba yaliyofuliwa. Hupita akiwa amebeba mzigo kwa mikono yote miwili, hata siku mzigo ukiwa mwepesi.