Stella Alipojibana Mezani

Nikiiona hiyo barua ya daktari mkononi mwako, mwanangu, nakumbuka siku moja ya eksirei, na mpaka leo naona haya. Nilikuwa bado kijana, na binti yangu Stella ana miaka minne. Homa zilimwandama. Kila mara tulisema malaria, anameza dawa, anapoa, halafu inarudi. Mwishowe daktari wa Mbinga akampima mkojo, akakuta maambukizi, na yalipojirudia akaniambia, "Mama, huenda mkojo wake unarudi nyuma, unatoka kibofuni kupanda kwenye figo. Tukichelewa, figo itaharibika."

Akatuandikia picha ya eksirei hospitali kubwa. Njia nzima kutoka kijijini kwetu Lipingo nilikuwa namwonya mtoto, "Usinitie aibu. Ukijikojolea mbele za watu, utanitambua!" Kwetu mtoto wa kike hufunzwa hivyo mapema, nami nilijiona mama hodari kweli.

Basi, wakamlaza mezani, wakapitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, wakajaza kibofu dawa inayoonekana kwenye eksirei. Mpiga picha akasema, "Haya Stella, kojoa." Wapi! Mtoto kaibana miguu, machozi yanamtoka, ananitazama mimi. Picha zikapigwa, hazikuonyesha kitu. Jamani, nikafurahi! Nikasema mtoto mzima, twende zetu.

Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akanigeukia.

"Unafurahia nini? Mkojo haujatoka bado, na mara nyingi hupanda wakati wa kukojoa. Nani kamtisha huyu mtoto?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwinamia Stella, nikamwambia, "Kojoa, mwanangu. Mama amekosea. Kojoa hapo hapo." Akanitazama kwanza, haamini. Kisha akaachia. Kwenye kioo cha mashine tukaiona ile dawa ikipanda mpaka figo ya kushoto, nami nikalia mbele ya wote.

Alitumia dawa muda mrefu, vipimo vikarudiwa, mkojo ukaacha kupanda. Leo Stella ni mama, na figo zote mbili zinafanya kazi.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyeshika barua ya daktari. Homa ya mtoto ikirudi-rudi, omba apimwe na mkojo. Ukiandikiwa picha, nenda bila woga. Ila kabla hamjaingia, mwambie mwanao kwa mdomo wako kwamba leo kukojoa mbele za watu ni ruksa, na hutamgombeza. Wataalamu watambembeleza, lakini mtoto anakuogopa wewe. Mungu amponye mwanao, mwanangu, na akupe wewe ulimi wa kumtuliza.