Mtungi wa Mwisho wa Oksijeni Tororo

Hadijah Nasifu alimpoteza mumewe Jumanne, tarehe 12 Agosti 1975. Mchana kweupe, Kapteni Maloba alimtia Nurudin kwenye buti la gari mbele ya karakana yao ya kuchomelea vyuma mjini Tororo, akidai anavusha magendo Busia. Hakuonekana tena. Hadijah akavaa ovaroli ya mumewe, akashika kazi.

Mwaka wa pili kapteni alikuja mwenyewe, bila askari, miwani myeusi usoni.

“Mama, jicho ya kushoto nazima. Nalala mzima, naamka giza.”

“Pole, afande.”

Mshipa wa damu wa jicho ulikuwa umeziba. Daktari alimwambia avute oksijeni upesi, hata ile ya mafundi, huku akikimbizwa Mombasa kwenye chumba cha chuma cha wazamiaji. Humo mgonjwa husindiliwa oksijeni kwa shinikizo hadi imfikie jichoni. Akichelewa, jicho limekufa. Hospitalini oksijeni ilikuwa imekwisha. Mtungi uliobaki mjini ulikuwa wa Hadijah. Na kwa kuwa jeshini ofisa chongo hana cheo, kapteni hakutaka mtu ajue.

Kila fundi hupuliza mtungi kabla ya kuufunga mpira: hufungua vali kidogo, vumbi litoke, akafunga papo hapo. Hadijah akafungua.

“Nini hiyo napiga kelele?”

“Vumbi, afande. Lisije likakuingia mapafuni.”

“Basi ngoja itoke yote.”

Mkono wa Hadijah ulikuwa bado kwenye vali. “Afande, Nurudin wangu mlimzika wapi?”

Kapteni akacheka. “Bado nauliza hiyo? Tafuta bwana ingine. Wewe bado mzuri, hata na jicho moja naona.”

Hadijah akaifungua vali hadi mwisho. Akampa stuli, akamuuliza habari za watoto. Kapteni akajibu moja moja, kwa adabu ya mtu mwenye shida. Kelele ikapungua, ikawa mluzi, ikanyamaza.

“Sasa safi?”

“Safi kabisa.”

Akafunga mpira, akamshikisha mdomoni. Kapteni akavuta. Akavuta tena, mashavu yakabonyea.

“Usiwe na pupa, afande. Nakuletea maji.”

Akatokea mlango wa nyuma, akadandia lori la Busia, akavukia Kenya kabla ya alasiri. Jicho la kapteni halikuona tena, na Hadijah hakurudi Tororo hadi serikali ile ya wanajeshi ilipoanguka.