Sekunde Arobaini za Norman Sugden

Nusu ya nyumba za Hoyle Bank, kijiji cha wachimba makaa karibu na Barnsley, zilitiwa vioo na Norman Sugden, kwa hiyo watu walimjua kama fundi dirisha. Kwamba ujanani alipiga ngoma katika bendi ya roki iitwayo Grindle, walilijua kama unavyojua kwamba jirani yako aliwahi kung'olewa jino.

Grindle walikuwa watatu, na wimbo wao mmoja wa maana ulichukua dakika ishirini na mbili. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jumapili mchana, kwenye klabu ya wafanyakazi, jukwaa lilikuwa lao bahati nasibu ya nyama ikishakwisha, yaani saa sita na dakika arobaini. Saa saba kamili ilikuwa bingo, ule mchezo wa kuweka alama kwenye namba zinazosomwa, na bingo haikumngoja mtu. Wanakijiji waliwahi kusogeza maziko ili yasigongane nayo.

Ungesema basi wimbo upunguzwe. Lakini kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na Keith Wormald, mpiga gitaa, hakukubali kuacha hata sekunde moja ya sehemu yake. Aliyeumia ni Norman, maana sekunde arobaini za mwisho zilikuwa za ngoma tupu. Alizitunga mwenyewe. Kila Jumapili, kabla hajazifikia, Doreen Clegg msoma namba alishika kipaza sauti na kusema, "Samahani, vijana. Kalamu mikononi."

Mwaka 1974 mtu mmoja aliwarekodi. Zikatolewa santuri mia tatu, na wimbo ukaishia kwenye sauti ya Doreen. Mwaka uliofuata bendi ikafa bila tangazo, Norman akaingia kwenye kazi ya vioo. Vidole vyake lakini havikustaafu. Kila asubuhi, akisubiri chai, alizipiga zile sekunde arobaini juu ya meza ya jikoni. Mkewe, Brenda, alitandika kitambaa kupunguza kelele na hakulisema tena jambo hilo.

Miaka ikapita, watu wa mbali wakaigundua ile santuri. Barua zikaja kutoka Osaka na São Paulo. Hazikusifu ngoma, zilimsifu Doreen. Mmoja aliandika kwamba hakuna wimbo duniani uliomalizika kwa ujasiri kama ule. Norman aliisoma barua hiyo mara mbili, kisha akaomba apitishiwe siagi. Ilimuuma sana.

Ilipotimia miaka hamsini tangu santuri itoke, wageni tisini walitaka kuja klabuni kuisikia bendi ikipiga tena. Norman aliona kuwa hii ni nafasi yake na hapati nyingine, kwani vidole vya Keith vilishaanza kukakamaa. Akaenda mbele ya kamati ya klabu, kofia mkononi, kuomba bingo isogezwe. Kamati ililijadili kwa wiki mbili, ikamwachia Doreen aamue. Doreen sasa alikuwa na miaka themanini na minne, na bado alisoma namba.

"Nakupa dakika nne, Norman. Tano huzipati."

"Nimengoja miaka hamsini, Doreen."

"Ndiyo maana nakupa nne."

Siku ikafika. Wageni walivaa fulana zenye sura ya Doreen, wakala pai na njegere kwa heshima kubwa. Ilipogonga saa saba, wote waliligeuzia jukwaa mgongo na kumwelekezea Doreen simu zao. Doreen alikuwa amesimama, kipaza sauti mkononi, mdomo kaufunga, macho kwenye saa ya ukutani. Keith akanyamaza, na Norman akaingia.

Alizipiga zote arobaini bila kukosea, akafunga kwa mapigo manne mazito ya polepole. Huko nyuma mgeni mmoja alimuuliza mwenzake kama bibi yule anaumwa. Baadaye wakapiga makofi ya adabu. Norman hakujali, alikuwa na furaha hata machozi yakamtoka, akasingizia vumbi.

"Kumbe ndivyo unavyoisha," alisema Doreen.

"Ndivyo."

"Si mbaya." Akawasha kipaza sauti. "Samahani, vijana. Kalamu mikononi."

Hapo ukumbi ulilipuka, watu wakapanda juu ya viti, wengine wakalia. Bingo ilichelewa dakika kumi na moja, na kamati ililiandika hilo.

Kesho yake asubuhi Norman alikaa mezani, mikono imetulia. Brenda alisubiri mpaka chai ikaanza kupoa.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimemaliza."

Brenda alipaka mkate siagi. Kisha akakiondoa kile kitambaa, akageuza kisu na kugonga meza kwa mpini wake, mapigo manne mazito ya polepole.



"La tatu umeliwahisha kidogo," alisema Norman.

Brenda akayarudia.