Sauti ya Redioni

Ami yangu Suud ana mdomo, na kila neno huanza na “Ebu sikiza, bwana wee.” Kahawa haijakolea, madereva wa mtaani kwetu Darsait hawana adabu, sisi watoto wa nduguye hatujui kitu. Akianza kisa cha ngome, hata mkewe, Bi Hamdiya, huenda zake jikoni.

Alipotoka Unguja, kijana, aliingia jeshi la nchi hii ya Waarabu, akapelekwa ngome ya mpakani, kusini, kushika redio. Wapiganaji wa milimani, waliokuwa wakidai uhuru wao, wakaizingira. Maji yakaisha, na kisima kilikuwa nje ya ukuta. Ami akasemezana na mwenziwe wa kambi ya pili kwa Kiswahili, ili adui asifahamu: wenzetu watatoka alfajiri kuteka maji. Walipotoka wakakuta wanangojewa. Hakurudi hata mmoja, na Ghaith, rafiki yake wa chumba kimoja, alikuwamo.

Nani kawauza? Ngomeni alikuwapo Maan, mtu wa huko huko kusini, mwenye punda wa maji. Ami ndiye aliyemnyoshea kidole. Maan aliapa, akalia, akasema hicho Kiswahili chao yeye hakijui, ya redioni angeyajulia wapi? Wakamtoa nje, wakafunga lango. Alilipiga kwa viganja mpaka akachoka, akakimbilia mlimani, na risasi za huko zikamnyamazisha.

“Hata waliomtuma hawakumtaka,” Ami humalizia hivyo kila mara. Mimi maneno hayo yalikuwa yakinichukiza, lakini nani atamwambia?

Mwezi uliopita nilimpeleka matangani, mtaa wa Hail. Akakaa karibu na mzee mpole, Muatasim, Kiswahili chake cha Ng'ambo ya Unguja kabisa. Wakaulizana mitaa na skuli, wakacheka. Ami akaingia na ngome yake. Alipofika kwenye redio, mzee akaweka kikombe chini.

“Mimi nlikuwa mlimani,” alisema taratibu. “Nlifuata jamaa zangu wa kusini vitani, baadaye serikali ikatusamehe. Redio yenu tukiipata. Wenzangu hawafahamu, wakinipa mimi nisikilize. Kijana wenu akianza, ‘Ebu sikiza, bwana wee.’ Nnamkumbuka mpaka leo.”

Ami hakusema kama kijana huyo ni yeye. Aliisukuma kando sahani ya halwa.

“Na Maan?” aliuliza. “Hakuwa mtu wenu?”

“Maan yupi?”

“Wa punda. Aliyetolewa langoni.”

“Yule? Alikuja mbio kwetu kanyanyua mikono. Tukadhani mmetutegea mtego, tukampiga. Jina lake ndo kwanza nnalisikia leo.”

Njiani Ami hakulalamikia dereva yeyote. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Tulipokaribia Darsait Bi Hamdiya akapiga simu kuuliza kama tutakula. Ami akaipokea, akaiweka sikioni, akasema, “Ebu,” akaishia hapo. Bi Hamdiya akaita, “Suud? Suud?” Ami akanipa simu, nikajibu mimi.