Mawe Tuliyoyasugua

Niliondoka kwa sababu ya baba mdogo Osmundi. Yeye ndiye aliyenilea, anayemsema vibaya kanisema mimi. Watu wa bondeni walidai mashine yake ya kumenya kahawa imeozesha kijito: maji yananuka mkojo, mbuzi wanayakataa. Mwenyekiti akaitisha mkutano Jumamosi. Pasipo maelezo ya maana, mashine inafungwa huku kahawa imeiva. Mimi nikawatukana watu wa bondeni nje ya kanisa, nikaapa kuleta ushahidi. Shule niliishia darasa la saba, ila mambo ya maji nimejisomea kwenye simu mpaka betri ikavimba.

Jumatano alfajiri nikajaza chupa tatu: ya kwanza juu ya mashine, pale chini kidogo ya nyumba zinazomwaga maji ya vyoo; ya pili chini ya mashine; ya tatu darajani kwa hao wa bondeni. Nikazifunga majani ya mgomba zisipate joto.

"Huko usigombane na mtu," baba mdogo akasema.

"Nagombana na nani mimi?"

"Wewe? Hata na hizo chupa utagombana."

Mbinga mjini nikapata lori la saruji. Likaharibika mara mbili. Ngolo zetu, vile vishimo vilivyopangwa mlimani kama masega, zikabaki nyuma, hewa ikawa nzito, na mimi mgongo wote unauma. Sikuwa na nguvu hata ya kumfokea dereva.

Mbamba Bay nikafika jioni, nyumbani kwa dada Tumaini, Mnyasa anayepima maji ya ziwa. Tulijuana kwenye simu tu. Mama yake alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo nini hizo?"

"Maji, mama."

"Unaleta maji ziwani! Kwenu hamna hata mihogo ya kuleta?"

Nikala ugali wa muhogo, nikalala na viatu.

Alhamisi asubuhi Tumaini akadondosha dawa kwenye maji yangu. Chupa zote tatu zikawa kijani kilichokolea.

"Hii ni amonia, ya vyoo," akasema. "Ya juu sishangai. Nashangaa ya darajani. Mpaka kufika kule ilitakiwa iwe imepungua. Ute wa kwenye mawe ukoje?"

"Ute? Hamna! Mawe yetu safi kabisa." Nikajisifu. "Padri alipokuja kubariki mashine nilikusanya vijana, tukasugua kijito chote mpaka darajani. Brashi, sabuni ya unga, na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe."

Kwetu mgeni akija tunafagia hata njia ya mbuzi. Tumaini akaweka chupa chini.

"Kaka, ule ute ndio ulikuwa unawafanyia kazi. Mna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitreti, hao wanataka hewa. Wengine wako kwenye tope pasipo hewa, wanaigeuza naitreti kuwa gesi, inaondoka zake. Umewasugua wote. Na maji matamu ya kahawa yanamaliza hewa, hata waliobaki hawapumui."

"Kwa hiyo baba mdogo ana kosa?" Nikapandisha sauti.

"Usinipigie kelele. Nyumba za juu zina kosa, mashine ina kosa, na wewe na brashi yako. Maji ya mashine yatulie kwanza kwenye mashimo. Mawe yaacheni. Watarudi, ila polepole."

Ijumaa nikarudi kwa basi, kichwa kwenye kioo. Nilifikiri: nikizitaja nyumba za juu peke yake, nani atajua habari ya brashi? Lakini nilijua vijana wangekuja kuyasugua mawe tena, harufu isiishe, na baba mdogo angefungiwa moja kwa moja.

Jumamosi nikasimama mkutanoni nikasema yote. Bibi mmoja wa bondeni akauliza, "Na yale matusi ya kanisani tuyapeleke wapi?"

"Nirudishieni mwenyewe, bibi."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Nyumba za juu zichimbe mashimo ya maji yao, akasema, na mashine ifungwe mpaka mawe ya darajani yateleze tena. Baba mdogo akanisogelea.

"Chukua jembe," akasema.

Tukachimba mashimo chini ya mashine kama ngolo, mstari kwa mstari, tukatandika nyasi. Kahawa tukawa tunaibeba mgongoni kuvuka kilima, kumenyea kwa jirani. Wiki tano. Mabega yangu yanajua. Njia nzima baba mdogo hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonichosha kuliko magunia.

Nimesafiri kwenda na kurudi nikimtafuta wa kumfokea, kumbe brashi ilikuwa nyumbani, nyuma ya mlango wangu. Ipo bado. Naisugulia choo tu.

Jana asubuhi nilishuka darajani. Harufu ilikuwa imepungua. Nikakanyaga jiwe, nikaanguka chali, kiwiko kikachubuka, ndoo ikaenda na maji. Siku nyingine ningelitukana lile jiwe. Nilikaa palepale kwenye maji, nikapiga kelele kuelekea juu:

"Baba mdogo! Nimeteleza!"