Farasi Aliyeingia Pori la Mbung'o

Konstebo Nikolaus Heche alipofika na farasi kwenye kituo kidogo cha polisi upande wa Issenye, watu waliacha majembe wakaja kutazama. Vijiji vya ujamaa vilikuwa bado vipya, petroli ilikuwa ya shida, na Landrova ya kituo ilikuwa imenasa kwenye udongo mweusi tangu masika yaanze.

"Farasi hanywi petroli," alisema Sajenti Athumani, mkuu wa kituo.

Kweli hakunywa, lakini alitaka karibu kila kitu kingine. Heche alimkatia majani, akamtekea maji, akamsugua, kisha ndipo doria ikaanza. Jioni alishuka mapaja yamechubuka, mgongo umekauka kama ubao. Na wezi wa ng'ombe walijificha mapema, kwa kuwa aliye juu ya farasi huona mbali, lakini naye huonekana mbali.

Asubuhi moja alikuja Mama Felista, mjane wa kijijini, amelowa hadi kichwani.

"Shikamoo, mama," alisema Heche.

"Marahaba, mura, kijana wangu. Wamechukua maksai wangu wote wawili. Nitalima na nini?"

Nyayo zilielekea pori la mbung'o. Sajenti alitikisa kichwa. "Ukimwingiza farasi humo, mbung'o watamwambukiza ugonjwa, humtoi mzima."

"Kwa miguu sitawafikia, afande."

Sajenti alimtazama yule mama, akatazama mvua. Mwishowe akasema, "Nenda."

Nyasi zilimzidi mtu kimo, ila kutoka juu ya tandiko Heche aliona migongo ya maksai ng'ambo ya kijito. Maji yalikuwa yamejaa. Farasi alivuka yakimfika tumboni. Wezi walipoona mnyama yule mkubwa akiwajia, walitupa fimbo zao wakatoweka vichakani. Heche hakuwafukuza. Aliwaswaga maksai kurudi, huku akiwapiga mbung'o kwa kofia yake. Alipofika kijijini shingo ya farasi ilikuwa na madoa ya damu.

Mama Felista alilima shamba lake, akapanda mtama. Farasi naye akaanza kukonda. Bwana mifugo alitoka Mugumu akamchoma sindano, akasema wamechelewa. Heche aliendelea kumletea majani ambayo hakuyala. Mchana mmoja miguu ya farasi iliishiwa nguvu, akaanguka. Heche alikaa matopeni akishika kichwa chake mpaka pumzi ikakatika.

Watu walichimba shimo nje ya kijiji. Mzoga uliwashinda kuuburuta, ndipo Mama Felista akaleta maksai wake wakauvuta. Alilia njia nzima. Heche alitembea nyuma.

Baadaye alikuja inspekta kutoka Musoma. "Tulete farasi wengine?"

"Masika wanafaa, afande. Wanapita gari lisipopita. Lakini mbung'o huku ni wengi, na farasi akiugua hasemi."

"Kwa hiyo niseme ndiyo au hapana?"

Heche aliomba ruhusa akae kwenye benchi. "Mimi sijui, afande. Nimechoka."

Hawakuletwa wengine. Aliendelea na doria kwa miguu, tope likimganda viatuni, na mara nyingi wezi walimtangulia. Miaka ilipita ndipo akahamishiwa Tarime, karibu na kwao Susuni. Mkewe Efrazia anasema siku aliyofika nyumbani alilala bila kuvua sare, akaamka kesho yake jua limekwisha kuwa kali.