Saizi Niliyomchagulia Kaka

Miaka ile nilikuwa karani wa stoo katika duka la tairi kule Nakawa, Kampala. Mwenye duka wa kwanza, Mhindi mzee aliyekuwa akikohoa mchana kutwa, alinifundisha kusoma maandishi ya ubavuni mwa tairi kama maalim anavyomfundisha mtoto alifu na be. Namba ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu. "Usimsikilize mwenye gari," alizoea kuniambia. "Yeye atakuambia anachotaka. Inama, soma, pima." Nikainama, nikasoma, nikapima, hata nikawa naweza kumwambia dereva saizi yake kabla hajazima injini.

Wahindi walipofukuzwa aliondoka na sanduku moja. Duka akapewa mtu ambaye sote tulimwita Tajiri, ingawa alikuja na karatasi ya serikali tu na viatu vipya. Hakuweza kutofautisha tairi ya lori na ya gari dogo, kwa hiyo aliniacha kazini. Haikupita miaka miwili stoo ikawa tupu. Juu ya rafu palibaki tyubu za baiskeli na vumbi, nami niliendelea kufika kila asubuhi kufungua mlango wa stoo isiyokuwa na kitu.

Nyumbani kwetu ni Kamwokya. Babu yetu alitoka pwani na wafanyabiashara, akaoa, akazikwa hapa hapa. Ndani ya nyumba tulisema Kiswahili, nje tukasema Kiganda kama majirani zetu. Siku zile Kiswahili kilikuwa kimeanza kutuletea taabu, maana ndicho walichokisema askari. Nilikuwa nikimwita kaka yangu uani, nasikia upande wa pili wa ukuta watu wananyamaza.

Kaka yangu, mkubwa wangu, tumbo moja, alikuwa na landrova ndefu ya kijani kilichopauka. Alipeleka chumvi, sabuni na mafuta ya taa katika vijiji vya ng'ambo ya kinamasi, akarudi na ndizi na maharage. Wakati wa mvua tumbo la gari lilikuwa likilala juu ya tope, magurudumu yakizunguka bure. Fundi wetu, Mkenya mmoja mtu wa kanisani ambaye hakuwahi kutukana hata spana ikimponyoka, akaliinua. Aliongeza jani moja la chuma katika kila springi na kuweka vishikizo vya springi virefu zaidi. Gari likasimama kama mtu aliyepandisha kanzu ili avuke dimbwi. Kaka alilipenda hivyo. Shida ilikuwa chini: tairi zake zilikuwa zimelika mpaka nyuzi zinaonekana. Saizi yake ilikuwa saba na nusu kwa kumi na sita, na Kampala nzima hapakuwa na saba na nusu hata moja. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyeitafuta.

Mchana mmoja kaka alikuwa amekuja dukani kuniuliza tena swali lile lile, nami nimempa jibu lile lile, akaingia kapteni mmoja aliyekuwa rafiki yake Tajiri. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya landrova.

"Gari ya nani hii?"

"Yangu, afande," kaka akajibu.

"Nani ameinua?"

"Fundi wetu, afande. Kwa ajili ya matope."

Kapteni akalizunguka gari lote, kisha akaipiga teke tairi ya mbele, teke dogo, kama mtu anayejaribu tikiti. "Mwili ya simba, miguu ya mbuzi," alisema. "Mimi nitakupa miguu." Akacheka. Kaka akacheka kwa sababu yeye amecheka. Mimi nikacheka. Tajiri akacheka kuliko sote, akawa wa mwisho kunyamaza.

Siku tatu baadaye lori la jeshi lilishusha tairi nne mlangoni pa duka. Mpya kabisa, bado zina nywele za mpira. Askari aliyezileta alisema, "Kapteni anataka kuona gari imevaa hii Ijumaa. Atapanda kwenda shamba yake." Akaondoka bila kusubiri tuseme asante.

Niliinama nikasoma. Tisa kwa kumi na sita.

Nilimwita kaka na fundi. Tulikaa kwenye benchi la mlangoni, tairi zimelala mbele yetu, nami nikawaeleza. Rimu itaingia, maana kumi na sita ni kumi na sita. Lakini tairi hii ni nene zaidi, na ikisimama ni ndefu kuliko saba na nusu kwa inchi nne hivi. Juu kuna nafasi, kwa sababu gari limeinuliwa. Ubavuni hakuna. Watu wengi hawalijui hilo hata leo: ukiinua gari unasogeza bodi mbali na tairi, lakini springi iko pale pale ilipokuwa, na tairi nene ikikata kona itaigusa. Halafu nguvu ya injini haitatosha, na shafti za nyuma zitakatika mapema, na mita ya mwendo itasema uongo.

"Basi tuzirudishe," kaka alisema.

Alikuwa amesema tu ili neno hilo liwe limesemwa.

"Tufunge mbili nyuma," fundi akasema, "mbele tuache za zamani."

"Ukiweka gia ya magurudumu yote manne zitapigana," nikamwambia. "Za mbele zinataka kuzunguka haraka, za nyuma polepole. Ndani ya kinamasi utavunja kila kitu."

Kaka alinigeukia. Nakumbuka alivyokuwa ameshika kofia yake, anaikunja na kuikunjua. "Dada, wewe ndiye mwenye elimu hii. Chagua wewe. Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Nilichukua utepe nikapima. Nilipima kutoka tairi mpaka madigadi, nikapima kutoka rimu mpaka springi, nikapima mara ya pili ingawa nilijua namba hazitabadilika. Nilikuwa napima ili nisiseme. Mwishowe nikasema zifungwe zote nne, madigadi zikatwe, na zile bolti mbili za ekseli ya mbele zinazouzuia usukani usipitilize zifunguliwe nje kiasi, ili magurudumu yasikate sana na tairi isifike kwenye springi.

"Gari haitageuka vizuri," fundi alisema.

"Itageuka kwa duara kubwa," nikasema. "Kijijini kuna nafasi."

Nilisema hivyo. Kijijini kuna nafasi.

Alhamisi zilikuwa zimefungwa. Gari lilikuwa juu hata kaka akanishika mkono ili nipande. Tulitoka kulijaribu alasiri, sisi wawili tu, tukashika barabara inayotoka Nakawa kuelekea mashariki. Tairi zilinguruma. Kaka alikuwa na furaha kidogo, nami nilifurahi kwa kumwona. Alisema kutoka juu hivi anaona mpaka ndani ya nyua za watu. Nilimwambia asiamini mita, mwendo wetu ni mkubwa kuliko inavyoonyesha, akapunguza.

Mbele kulikuwa na kizuizi. Mawe barabarani, pipa moja, askari watano. Wawili walikuwa wamekaa chini ukingoni, bunduki mapajani. Aliyesimama alitupungia mkono kabla hatujafika. "Barabara imefungwa! Geuza! Rudi!"

Lilikuwa jambo dogo. Kila siku watu waligeuza magari na kurudi. Kaka akazungusha usukani mpaka nikasikia bolti inagonga, tak, ikakataa. Gari likaenda kwa lile duara langu kubwa, moja kwa moja kuelekea ukingoni walikokuwa wamekaa wale wawili. Wakaruka. Kaka akakanyaga breki, akatia rivasi, na kabla hajaachia klachi mlango wake ulikuwa umefunguliwa.

"Unataka kutugonga?"

"La, afande, wallahi. Haikati kona vizuri. Ni hizi tairi tu, ndizo—"

"Tairi imefanya nini?"

Na yule askari akatazama chini. Nilimwona akitazama. Alikuwa kijana tu, na aliinama kama nilivyofundishwa mimi kuinama, akasoma.

"Hii tairi ya jeshi," alisema.

Kaka akalitaja jina la kapteni. Alilitaja kwa haraka na kwa adabu, kama mtu anayetoa kitambulisho mfukoni. Askari wakatazamana. Mmoja akalirudia jina lile kwa sauti ya chini, kisha akatikisa kichwa.

"Huyo hayuko," alisema. "Huyo hayuko tena. Wewe ni mtu yake?"

Mpaka leo sijui kilichompata yule kapteni kati ya siku ya lori na siku ile. Jumanne alikuwa na tairi za kugawa. Alhamisi kumjua kulikuwa kosa.

Nilianza kusema. Nilisema nafanya kazi duka la tairi, nilisema tairi zilishushwa mchana mbele ya watu, nilisema kaka ni mchuuzi wa chumvi. Maneno yalinitoka katika Kiswahili cha nyumbani, chote kimenyooka, na badala ya kunisaidia yakamfanya yule askari anitazame vibaya zaidi.

"Wewe mtu ya wapi?"

"Wa hapa."

"Hapa wapi?"

"Kamwokya, afande."

"Shuka."

Nilishuka. Kutoka juu kule ilibidi niruke, nikaanguka kwa magoti, na hakuna aliyecheka. Kaka walimtia nyuma, akakaa kwenye sakafu ya gari ambako huwa anapanga magunia. Askari mmoja akashika usukani. Naye alishindwa kugeuza. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi, analitukana gari, na kila liliporudi nyuma niliona uso wa kaka ukinikaribia nyuma pale, halafu ukaenda mbali, halafu ukanikaribia tena. Mara ya tatu alinionyesha kwa mkono niondoke. Gari likanyooka, likaenda.

Nilirudi kwa miguu. Wifi yangu, mkewe kaka, alikuwa anakuna nazi iliyoletwa na mgeni kutoka Mombasa, kitu adimu siku zile. Alinitazama magoti, akaendelea kukuna mpaka nazi ikaisha, kisha ndipo akaniuliza, "Yuko wapi?"

Ijumaa nilikwenda kwa Tajiri. Alikuwa akifunga karatasi zake katika gazeti. Alisema hamjui kapteni yeyote. Alisema tairi za jeshi hazijawahi kushushwa dukani pake. Alisema pia nisije tena kazini mpaka aniite. Nilikwenda kwenye geti la kambi. Mlinzi aliniambia nije kesho. Kesho yake mlinzi mwingine aliniuliza, "Nani alikuambia uje?" Nilikaa ng'ambo ya barabara na wanawake wengine waliokuja kwa shida zao, kila mmoja na chakula ndani ya majani ya mgomba. Hatukuulizana majina. Jioni tulikirudisha chakula nyumbani. Sikuwa na mtu wa kumwendea, wala karatasi ya kuonyesha, wala hata uongo mzuri wa kusema. Nilichokijua duniani zilikuwa saizi za tairi.

Kaka alirudi siku ya tisa, asubuhi, anatembea katikati ya barabara kama mtu asiyejua ukingo uko wapi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba, na vidole vitatu havikukunjika tena maisha yake yote. Alisema siku nne za kwanza walimwuliza. Siku zilizobaki hawakumwuliza kitu, na hizo ndizo zilizokuwa mbaya. Hakueleza zaidi. Aliomba maji ya kuoga. Wifi alimwogesha, nami nilikaa nje nikizuia watu waliokuja kumsalimu.

Landrova niliiona mara moja tu, wiki kadhaa baadaye, chini ya kilima cha Lubaga, imesimama mbele ya baa. Namba ilikuwa nyingine, lakini madigadi zilikuwa zimekatwa kwa mkono wa fundi wetu. Nilipita karibu, na kwa mazoea tu nikatazama ubavu wa ndani wa tairi ya mbele. Mpira ulikuwa umekwanguliwa mpaka nyuzi. Mtu alikuwa amezirudisha zile bolti za usukani kama zamani ili ageuke vizuri, na springi ilikuwa inaila tairi. Vicheko vilisikika mlangoni, nami nikaenda zangu.

Fundi alirudi kwao Kenya mwaka huo huo. Wakenya nao walikuwa wameanza kuogopa. Tajiri hakuniita. Kaka aliuza sabuni na mafuta ya taa kwenye meza pale Kamwokya, akipokea na kutoa vitu kwa mkono wa kushoto, akiwaomba radhi wateja wazee kwa hilo. Hakunilaumu kamwe. Ningependa angenilaumu walau siku moja, nimjibu.

Wifi ndiye aliyeniuliza, miaka mingi baadaye, kaka alipofariki kwa maradhi ya kawaida, kitandani pake. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za waliokuja kumzika.

"Ile siku mlipokaa pale benchini," alisema, "ungesema zisifungwe, ingekuwaje?"

"Kapteni angekuja Ijumaa aone hazikufungwa."

"Lakini hakuja. Hakuwapo tena."

"Hatukujua."

"Na mngefunga mbili?"

"Sijui, wifi," nikamwambia. "Wallahi sijui."

Alitikisa kichwa polepole, akachukua ndizi nyingine. Nami nikachukua yangu. Watu walikuwa wengi, na maji yalikuwa bado hayajachemka.